Tulipokataa Kushuka Kwenye Treni

Vijana wangu, mlipopita hapa Bukiriro kunisalimia kabla ya kwenda kuanza kazi ya treni mjini, mlinikuta nimesimama na mkaniacha nimesimama. Najua mlisema njiani kwamba bibi aliwafukuza. Sikuwafukuza. Mwili huu umekataa kukaa tangu nistaafu, na mkwe wangu ameshachoka kunisogezea kiti. Nikikaa naona kama kuna kitu nyuma yangu sijakitazama. Hata nikipanda basi pale stendi ya Ngara, lazima nishuke tena nikaangalie mlango wa nyuma kama umefungwa. Kondakta mmoja aliniuliza, "Bibi, kwani hili basi umelinunua lini?" Nikamwambia bado sijalinunua, nasubiri kwanza ajifunze kulifunga.

Mliniuliza kazi ikoje nami nikawajibu vipande vipande, kwa kuwa mlikuwa na haraka ya kwenda kupiga picha za pasipoti. Sasa nimeyaandika. Jiji sitalitaja wala kampuni sitaitaja. Nilikula chumvi yao miaka mingi na pensheni yao ndiyo imeezeka nyumba hii. Lakini chumvi haizibi mdomo.

Mimi nilikuwa gadi. Gadi ndiye mtu wa nyuma ya treni. Dereva yuko mbele anaangalia reli, na gadi anaangalia watu. Treni ikisimama kituoni, gadi anashuka kwanza na kupanda mwisho. Yeye ndiye anayepiga filimbi na kuinua bendera ya kijani, na bila hivyo viwili dereva haondoi gurudumu. Mnaambiwa sasa kwamba kuna kamera na milango inajifunga yenyewe. Vizuri sana. Nami niliifanyia kazi milango ya kujifunga miaka yangu ya mwisho, nikaijua tabia yake. Ukiweka mkono inahisi na kufunguka. Ukiweka kamba ya begi la shule haihisi kitu. Nimewahi kumwona mtoto yuko nje, begi liko mgongoni, na kamba ya begi iko ndani ya treni. Kama pale nyuma pasingekuwa na mtu, sijui mama yake angeambiwa nini.

Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, gadi wa zamani ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi pale tawini. Alinifundisha nisitazame nyuso. "Nyuso zitakuchanganya," aliniambia. "Huyu anacheka, huyu anakufahamu, huyu mzuri. Tazama miguu." Ni kweli. Mguu unaotaka kupanda unaujua, mguu ulioghairi unaujua, na mguu wa mlevi unaujua kuliko yote. Jifunzeni hilo, halitawagharimu kitu. Jambo jingine alilonifundisha ni kunywa maji kabla ya zamu na siyo wakati wa zamu, na wasichana mtanielewa mkishafika.

Ndipo akaletwa Masunga, nimfundishe mimi. Alikuwa kijana wa Biharamulo, upande wa Nyakahura. Baba yake alihamia huko na ng'ombe kutoka Shinyanga. Nilifurahi kusikia mtu wa kwetu, maana mjini ukitaja Ngara watu wanakuuliza kama ni nchi ya jirani. Aliniita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Alikuwa mwepesi, anapenda kazi, ana sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa amechunga ng'ombe tangu anaota meno, na kwake yeye abiria walikuwa kundi. Alisimama nyuma ya behewa la mwisho akiwaangalia wakiingia, kisha anasema, "Wamo wote." Nikamwuliza umewahesabu? Akasema ng'ombe hawahesabiwi, mayu, unawaona tu kama wamo.

Mikataba ilikuwa imebadilika. Sisi wa zamani tulikuwa na ajira ya kudumu. Akina Masunga waliajiriwa kwa mkataba wa muda, unaisha, unasubiri kuitwa, unaandikiwa mwingine. Kazi ni ileile, jua ni lilelile, na sare ni moja. Tulikula pamoja na kutaniana pamoja, na hiyo tofauti tulikuwa hatuizungumzi, kama watu wasivyozungumza ugonjwa wa mwenye nyumba.

Siku moja asubuhi, alipokwisha kuachiwa treni peke yake, kituo kimefurika, Masunga yuko chini na bendera ya kijani mkononi. Bwana mmoja akaruka kutoka upande wa pili, anavuka reli mbele ya treni nyingine iliyokuwa inaingia. Masunga akasahau kwamba ana filimbi shingoni. Akatia vidole mdomoni akapiga mluzi wa machungani, ule wa kumrudisha dume lililoingia shamba la mtu, na mkono wenye bendera akaupunga kwa nguvu kumfukuza yule bwana arudi. Bwana akarudi. Akapona. Lakini dereva kule mbele amesikia mluzi na ameona kijani kinapepea. Angefanya nini? Aliondoka.

Treni ikaenda bila gadi. Masunga akaikimbiza mpaka mwisho wa jukwaa, abiria wa nyuma wanampungia mikono wakidhani anawaaga. Akatoka nje akachukua bodaboda. Anafika kituo cha pili, treni ndiyo inatoka. Dereva, kwa haraka ya asubuhi ile, alikuwa anatosheka na kijani cha taa bila kungoja filimbi, hajui kwamba nyuma hakuna mtu. Wakafukuzana hivyo hadi kituo cha mwisho, na mwenye bodaboda akawa anashangilia kuliko abiria. Masunga aliingia na vumbi mpaka kwenye kope. Sisi tulicheka wiki nzima, naye alicheka nasi, kwa kuwa mtu alikuwa amepona na treni ilikuwa imefika.

Kumbe kuna mtu ambaye hakucheka, alikuwa anafikiri. Meneja wetu wa uendeshaji alituita. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa amebanwa na wakubwa wake apunguze watu. Akatuuliza, "Treni imekwenda safari nzima bila gadi. Nani ameumia?" Akasema basi kuanzia mwezi unaokuja, saa za mchana gadi atashuka kituo kikuu aende nyumbani, na treni itaendelea na dereva peke yake. Asubuhi na jioni tutawahitaji bado. Kila mmoja akaelewa kwamba wakizoea mchana watakuja asubuhi na jioni.

Niliona uso wa Masunga. Alijua kwamba mluzi wake ndio umetumika kuwa ushahidi dhidi yetu sote. Na alijua kwamba wakipunguzwa watu, wataanza na wa mkataba wa muda. Alikuwa amemwacha mke wake Biharamulo, mjamzito, na alikuwa amemwambia mkataba utakaofuata utakuwa wa kudumu, amhamishie mjini. Hilo ndilo alilokuwa nalo, wala hakuwa na jingine.

Kikao cha tawi kilikuwa moto. Vijana walitaka mgomo kesho yake. Mzee Athumani akawatuliza. Mgomo wa treni, aliwaambia, sheria imeuwekea milango mingi, na ukiruka mmoja tu unafukuzwa kihalali na mwajiri anakushukuru. Wengine wakasema tufanye kazi polepole. Akasema abiria watatupiga mawe sisi, siyo meneja. Zogo likawa kubwa, na ilionekana tutatawanyika hivyohivyo.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kama kawaida yangu. Nikakumbuka machela. Ninyi mmekuta bodaboda na gari la wagonjwa, lakini sisi huku milimani mgonjwa alibebwa mabegani mpaka hospitali. Kila kaya ilikuwa kwenye chama cha machela, na usipokwenda kubeba wa wenzako, siku yako ikifika utajibeba. Wanaume walibeba, sisi wanawake tulifuata nyuma na nguo na uji. Nilimfuata mama yangu hivyo nikiwa msichana, toka Bukiriro mpaka huko alikotibiwa. Sheria ya machela ni moja, na nilikuwa nimeitazama njia nzima kwa hofu ya mtoto: aliyechoka hatui machela chini. Anaita jina la mwenzake, mwenzake anaingiza bega, na bega la kwanza halitoki mpaka la pili limeshika. Mgonjwa hagusi ardhi hata kama mvua inanyesha.

Nikawaambia pale, "Tusigome. Tukatae kushuka." Wakanitazama. Nikawaeleza kwamba kanuni zetu za kazi zinasema gadi haachi treni yenye abiria mpaka amkabidhi gadi mwenzake, uso kwa uso, na kwamba meneja hana uwezo wa kuzifuta peke yake. Kanuni hizohizo zinasema gadi aliyezidisha saa za kazi haruhusiwi kuinua bendera. Basi ikifika saa ya kuambiwa shuka uende nyumbani, hushuki. Unauliza, yuko wapi wa kunipokea? Hakuna? Unaendelea na kazi, unatabasamu, unawahudumia watu. Na saa zako zikiisha, unaketi kwenye behewa lako na bendera mapajani. Treni itasimama kwa kanuni yao wenyewe. Mzee Athumani alicheka hadi akafuta macho. Alisema hajawahi kusikia wafanyakazi wanaomtisha mwajiri kwa kukataa kwenda nyumbani.

Tulifanya hivyo. Nawaambieni ukweli, haikuwa raha. Miguu ilivimba. Kila kituo unajiuliza kama huyu anayekuja ni abiria au ni mtu wa ofisini. Nilizunguka ndani ya behewa mpaka mama mmoja muuza samaki akaniambia nikae nisije nikawaambukiza wasiwasi. Lakini abiria walikuwa upande wetu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona magadi wengi wachangamfu namna hiyo. Treni za mchana zilianza kusimama moja moja kituo kikuu, gadi yumo ndani, saa zake zimeisha, na ofisi inapiga simu huku na huku kumtafuta gadi aliyepumzika. Wakimpata anakuja mara moja, anakabidhiwa, treni inaondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ofisini walikuwa wameanza kujikuna.

Meneja akatafuta njia. Alijua kwamba akipata gadi mmoja tu wa kukabidhi bendera kwa mtu asiye gadi, basi desturi imevunjika na wengine watafuata. Akatazama orodha yetu akaona aliye dhaifu. Mchana mmoja alikuja mwenyewe jukwaani na binti mmoja kibarua, amevalishwa kizibao kipya cha kung'aa, hajui hata breki inashikwa wapi. Wakaenda moja kwa moja kwenye treni ya Masunga. Mimi nilikuwa jukwaa hilohilo nikisubiri kupokea treni nyingine, nikasogea.

Meneja aliongea kwa upole. "Masunga, umechoka. Mkabidhi huyu ukapumzike. Mkataba wako unaisha, na mimi ndiye ninayeandika nani abaki. Nitakuandika wa kudumu."

Masunga alinitazama mimi. Ningemwambia nini, mimi mwenye ajira yangu, yeye mwenye mimba inayomsubiri Nyakahura? Akamgeukia yule binti akamwuliza kwa heshima tu, "Dada, kwenye treni hii kuna mgonjwa. Unajua yuko behewa gani?" Binti akasema hajui. Akamwuliza mlango gani haufungi vizuri. Binti akasema hajaambiwa. Alikuwa karibu kulia, maskini, na yeye alikuwa anatafuta ugali kama sisi.

"Basi siwezi kumpa, Bwana Meneja," Masunga akasema. "Siyo ubishi. Nikimpa, likitokea lolote nitakuwa nimemwonea yeye na nimewaonea hawa. Saa zangu bado zipo kidogo. Niruhusu niondoe treni."

Akapiga filimbi, safari hii ile ya shingoni, akainua kijani. Treni ikaondoka naye. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu, na sikuona haya hata kidogo. Habari ilifika vituo vyote kabla yeye hajafika. Baada ya hapo hapakuwa na gadi aliyefikiria kukabidhi, na kampuni ikaita chama mezani.

Hapa ndipo ningependa kuishia, na katika tawi letu wengi huishia hapa wanapoisimulia. Lakini mimi sipendi hadithi inayofungwa mlango kabla watu hawajaingia wote.

Mezani kampuni ilikubali kwamba gadi atabaki kwenye kila treni, asubuhi, mchana na jioni. Ila wakaandika "magadi walio katika ajira ya kudumu". Hao wa mkataba wa muda suala lao litaangaliwa baadaye. Mzee Athumani alituletea hayo kikaoni. Alikuwa amechoka, amezeeka katika zile siku chache. Alisema wamekataa kabisa kusogea zaidi ya hapo, na kwamba tukigoma kupokea tutapoteza hata hiki. "Nusu shari kuliko shari kamili," akasema.

Nilisimama nikasema sikubali. Niliwauliza ni bega la nani lilishika siku ile jukwaani. Niliwauliza kama meneja angeshindwa siku ile bila kijana ambaye leo tunamwandikia "baadaye". Kuna mmoja akaniambia nisilete mambo ya kijijini kwetu kwenye kikao cha chama. Mkuki kwa nguruwe. Nilitamani kumpiga. Wakapiga kura kwa mikono. Niliinua wangu kupinga, na tuliopinga tulikuwa wachache mno. Mkataba wa Masunga ulipoisha, hakuitwa tena. Wala hapakuwa na barua ya kumfukuza, maana mtu ambaye mkataba wake umeisha hafukuzwi.

Nilimsindikiza kwenye basi la kuja huku. Alikuwa ananichekesha njia nzima, anasema mtoto akizaliwa atamfundisha kupiga filimbi ya shingoni kabla ya mluzi. Sikuweza kucheka. Nilimwambia chama kitafuatilia. Akasema, "Sawa, mayu." Chama kilifuatilia kama mvua ya kiangazi inavyofuatilia mahindi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtafuta Nyakahura. Nilikuwa nimekaa na jambo hili muda mrefu, na kama nilivyosema, kukaa siwezi. Nilimkuta ana shamba la mahindi lililonyooka, mke wake mkarimu, na mtoto mkubwa sasa anayechunga. "Shikamoo, mayu." "Marahaba, mwanangu." Alinimiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, tukaongea mvua, tukaongea bei ya pamba na barabara mpya, mpaka sikuwa na la kuzungukia tena.

Nikamwambia, "Masunga, siku ile ya kura mimi nilipinga."

"Najua, mayu. Niliambiwa." Aliongeza maziwa kwenye kikombe changu, polepole, yasimwagike. "Kampuni sikuikasirikia hata siku moja. Meneja alisema atanikata, akanikata, ni mtu wa neno lake. Wewe ulipinga, na kesho yake asubuhi ukapanda treni."

Hakusema kwa hasira. Mke wake aliendelea kupepeta mahindi pale pembeni kama hakusikia, na mimi nilikunywa maziwa kwa sababu kikombe kilikuwa mkononi. Tulikuwa na kanuni zote. Tulijua namna ya kukataa kushuka. Tungeweza kukataa kushuka kwa ajili yake pia, siku moja tu, hata watano tu, na tulikuwa tunajua jinsi inavyofanywa kuliko watu wowote katika jiji lile. Kanuni haikukosekana, wala ujasiri haukukosekana. Kila mmoja wetu alikuwa na zamu asubuhi.

Nimeona karatasi zenu, maana mlinionesha kwa furaha. Wengi wenu mmepewa mkataba wa muda, na nyie sina la kuwafundisha zaidi ya kutazama miguu na kujiunga na chama kabla hamjapata shida. Mtaujua ubaridi wa mkataba huo bila mimi. Lakini mmoja wenu, sitamtaja, ana cheti kikubwa na amepewa ajira ya kudumu. Haya yote nimekuandikia wewe. Siku moja wataleta karatasi kikaoni, jina lako litakuwa salama na majina ya hawa wenzako uliosafiri nao kutoka Ngara yatakuwa hayamo. Moyo wako utakuuma, na utainua mkono juu kabisa kupinga, na utajiona umefanya haki. Mwanangu, mimi niliinua.